Tumbaku ya wenyeji wa Amerika na sigara za kiwandani: ipi humfunga mtu zaidi?

Wavutaji wengi wanaotafuta njia ya kutoka huambiwa kwamba tumbaku ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, ile iliyokuwapo kabla meli za Ulaya hazijatia nanga, haileti uraibu. Kwamba uraibu uliletwa na viwanda na kemikali zao. Usemi huo una ukweli ndani yake, na una hatari pia. Jani la wenyeji lina nikotini nyingi kuliko jani lililomo ndani ya sigara. Walioishi nalo kwa karne nyingi hawakufungwa nalo kama anavyofungwa mvutaji wa pakiti kwa siku, na sababu iko katika namna walivyolitumia. Ukilivuta jani hilo kama sigara litakufunga kama sigara, na huenda likakuwahi zaidi.

Maandishi haya ni kwa mtu anayesita: anayevuta sigara na anafikiria kuhamia tumbaku ya asili, aliyeacha na sasa amealikwa kwenye ibada ya kiko, au mzazi anayetaka kujua amwambie nini kijana wake.

Jina moja, vitu vingi

Nusu ya mabishano hutokana na watu kutumia jina moja kwa vitu tofauti.

Cha kwanza ni tumbaku ya ibada. Mashariki mwa Amerika Kaskazini na kando ya Maziwa Makuu ya huko, mmea wake ni Nicotiana rustica, mfupi, wenye maua ya manjano yanayoelekea kijani. Waojibwe, taifa la wenyeji wa eneo hilo, huiita asemaa. Katika bonde la Mto Missouri ililimwa Nicotiana quadrivalvis, na magharibi kwenye ukame hutumika Nicotiana attenuata.

Cha pili ni sigara za kiwandani, zinazotokana na Nicotiana tabacum. Programu za afya za wenyeji huziita tumbaku ya biashara, ili zisichanganywe na ile ya ibada.

Cha tatu ni sigara zenye jina au sura ya wenyeji. Hizi ni aina mbili: zile zinazotengenezwa katika maeneo ya wenyeji huko Kanada na jimbo la New York, ambazo mara nyingi huuzwa kwenye mifuko ya plastiki ya sigara 200, na zile zenye picha ya mwenyeji kwenye pakiti na ahadi ya uasilia.

Cha nne ni kinikiniki, mchanganyiko wa magome na majani ya porini ambao huvutwa kwenye kiko. Neno lenyewe katika lugha za Kialgonkini lina maana ya kilichochanganywa. Mara nyingine hutiwa tumbaku kidogo, mara nyingine haina hata chembe.

Vipimo tunavyotumia

Wingi wa nikotini peke yake hausemi jambo zima. Tunapima mambo matano, yale yale kwa kila kitu.

La kwanza ni nikotini iliyomo kwenye jani. La pili ni kasi: inachukua muda gani kutoka mdomoni hadi ubongoni. Hili ndilo zito kuliko yote, kwa sababu ubongo huunganisha kitendo na raha pale raha inapokuja papo hapo. Ikichelewa nusu saa, fundo hilo hulegea. La tatu ni marudio, yaani mara ngapi kwa siku ubongo unapata somo hilo. La nne ni kilichoongezwa au kubuniwa na mtengenezaji. La tano ni arosto, yale yanayompata mtu akikosa. Mwisho wa kila sehemu tumeweka madhara mengine, maana kitu kinaweza kukosa uraibu na bado kikaumiza mapafu.

Tumbaku ya ibada

*Nikotini.* Majani makavu ya Nicotiana tabacum kwa kawaida huwa na nikotini asilimia 1 hadi 3 ya uzito wake. Rustica inaweza kufika asilimia 9. Kwa hesabu ya kiko: nusu gramu ya rustica yenye asilimia 6 ina miligramu 30 za nikotini, wakati sigara nzima ina miligramu 10 hadi 14 hivi. Ukali huu ulijulikana mapema. Walowezi Waingereza wa Jamestown waliikuta rustica kwa wenyeji wa Virginia wakaiona inachoma ulimi, na mnamo 1612 John Rolfe akaanza kupanda mbegu za tabacum kutoka Karibiani, kwa sababu moshi wake laini ndio uliopata wanunuzi Uingereza. Viwanda navyo havikuusahau ukali huo. Mwaka 1994 mkuu wa mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, David Kessler, aliliambia Bunge la nchi hiyo kwamba kampuni ya Brown & Williamson ilikuwa imezalisha mbegu iitwayo Y-1, yenye nikotini takriban asilimia 6, mara mbili ya kawaida. Katika nasaba ya mbegu hiyo kulikuwa na rustica.

*Kasi.* Hapa ndipo mambo yanapogeuka. Sehemu kubwa ya matumizi ya ibada haipeleki moshi kwenye mapafu. Tumbaku huwekwa chini ya mti au majini kabla ya kuvuna, hutupwa kwenye moto, hufungwa kwenye vitambaa vidogo, hupewa mzee mtu anapomwendea kuomba ushauri. Kwa Waojibwe kipunje cha tumbaku hiyo hushikwa kwa mkono wa kushoto, ulio upande wa moyo. Nikotini inayoingia mwilini kwa njia hizo ni kama hakuna. Kiko kinapowashwa, moshi huvutwa mdomoni ukaachiwa upae pamoja na sala. Nikotini kidogo hupenya kwenye ngozi ya ndani ya mashavu, lakini hupanda polepole, na kilele chake huja baada ya dakika nyingi.

*Marudio.* Haya hutofautiana mno kati ya taifa na taifa, na anayesema wenyeji wote walivuta mara chache anarahisisha. Mifano miwili inatosha kuonyesha upana wake. Wakrow walikuwa na chama cha watu waliopanda tumbaku takatifu, wakaitunza na kuivuna kwa ibada, na hiyo haikuwa ya kuvutwa. Kwa Wahidatsa, Buffalo Bird Woman, mkulima aliyesimulia kilimo cha watu wake katika maelezo yaliyochapishwa mwaka 1917, alieleza kwamba tumbaku ililimwa na wazee wa kiume, na vijana walifundishwa kuvuta kidogo sana au kutovuta kabisa, kwa kuwa moshi ungewakatisha pumzi wakashindwa kukimbia. Hiyo ni kinga iliyowekwa na jamii yenyewe, na ilikuwa na nguvu kuliko onyo lolote la kwenye pakiti: umri ambao ubongo hunaswa upesi ndio uliokatazwa.

*Kilichoongezwa.* Mara nyingi tumbaku huchanganywa na gome la ndani la mti uitwao mwilo mwekundu (red willow), majani ya mzabibu-dubu (bearberry) au majani ya mti uitwao sumac. Vitu hivi havina nikotini, kwa hiyo huipunguza makali.

*Arosto.* Nusu ya nikotini huondoka kwenye damu kila baada ya saa 2 hivi. Anayeshika kiko mara chache kwa msimu husafika kabisa kati ya ibada moja na nyingine, na vipokezi vya ubongo havipati sababu ya kuongezeka. Huyo hana arosto ya kuzungumzia.

Usiishie hapo lakini. Mmea huo huo ukiondolewa kwenye ibada na kuingizwa kwenye mazoea ya kila siku hufunga watu vibaya. Warusi walivuta mahorka, ambayo ni rustica, kama wengine wanavyovuta sigara. Sudan hutumia toombak, rustica iliyosagwa na kuchanganywa na magadi, na kuwekwa nyuma ya mdomo. Magadi huifanya nikotini ipenye haraka kwenye fizi, na watumiaji wengi huiweka mara nyingi kwa siku bila kuweza kuiacha. Hata kabla ya viwanda kuwako, katika karne ya 16, Bartolomé de las Casas aliandika kuhusu Wahispania wa kisiwa cha Hispaniola waliozoea kuvuta majani ya wenyeji. Walipokaripiwa walijibu kwamba hawawezi kuacha. Hakukuwa na amonia ya viwandani wala kichungi wakati huo. Palikuwa na jani, moto, na mazoea.

*Madhara mengine.* Moshi wa jani lolote linaloungua una lami na gesi ya kaboni monoksidi. Rustica ina hatari yake ya pekee, nayo ni sumu ya moja kwa moja: mtu akivuta mapafuni kiko kilichojaa rustica tupu anaweza kutapika, kutokwa jasho jembamba na kuhisi kizunguzungu kwa dakika chache. Majani mabichi yaliyolowa umande hupitisha nikotini kwenye ngozi, kwa hiyo wavunaji huvaa glavu na mikono mirefu au husubiri jani likauke. Usichemshe majani ukanywa. Yaweke mbali na watoto, maana mtoto akitafuna kipande kidogo tu anahitaji hospitali.

*Inamfaa nani.* Mtu mwenye nafasi ya ibada hiyo katika jamii yake, mwenye wa kumfundisha. Haifai kama mbadala wa sigara.

Sigara za kiwandani

*Nikotini.* Sigara moja ina tumbaku kama gramu 0.7 na nikotini miligramu 10 hadi 14. Sehemu kubwa huungua au hupotea na moshi wa pembeni, na mvutaji hubaki na miligramu 1 hadi 1.5 mwilini, wakati mwingine 2. Ni kidogo ukilinganisha na kiko cha rustica. Ndiyo maana kupima uraibu kwa nikotini ya jani hupotosha.

*Kasi.* Jani la aina iitwayo Virginia lililokaushwa kwa joto lina sukari nyingi, na moshi wake huelekea uchachu kama wa ndimu, kwa kipimo cha asidi (pH) kati ya 5.5 na 6. Katika hali hiyo nikotini haipenyi vizuri mdomoni, na koo halichomwi sana. Mambo hayo mawili kwa pamoja humsukuma mvutaji avute ndani. Mapafuni eneo la kupokea ni kubwa mno, damu hubeba nikotini moja kwa moja hadi moyoni kisha ubongoni, na safari nzima huchukua sekunde 10 hadi 20. Ukaushaji huo ulipata mwanzo wake North Carolina mwaka 1839, kazi ya Stephen Slade, mtu aliyekuwa utumwani, aliyetumia mkaa kufufua moto wa banda la kukaushia. Ukiongeza mashine ya kusokota sigara ya James Bonsack ya miaka ya 1880, umepata kitu ambacho wenyeji hawakuwa nacho kamwe: moshi laini wa kumeza, tayari wakati wowote, kwa bei ndogo.

*Marudio.* Mvutaji wa pakiti moja ana sigara 20, na kila moja huivuta karibu mara 10. Ni mivuto 200 kwa siku, na kila mvuto ni somo jipya kwa ubongo: chai, somo, simu, somo, ugomvi, somo, kusubiri basi, somo. Hakuna dawa nyingine ya kulevya ambayo mtu huipata mara 200 kwa siku. Baada ya miezi kadhaa kiu haitoki tena kwenye damu peke yake, hutoka kwenye kikombe cha chai.

*Kilichoongezwa.* Mwaka 2006 Jaji Gladys Kessler wa mahakama ya Marekani aliamua kwamba kampuni kubwa za tumbaku ziliudanganya umma, na kuanzia Novemba 2017 zililazimishwa kutangaza kwenye televisheni na magazeti kwamba zilizibuni sigara kwa makusudi ili zilete uraibu zaidi. Njia zilizotajwa ni uchaguzi wa kichungi na karatasi, kuongeza amonia ili moshi usiwe mkali, na kupanga mchanganyiko wa tumbaku wenyewe. Menthol hufisha ganzi koo, na anayeanza huvuta ndani zaidi bila kukohoa. Sukari ikiungua hutoa asetaldehidi, kemikali inayodhaniwa kusaidiana na nikotini, na moshi una viambato vinavyozuia kimeng'enya cha ubongo kiitwacho MAO; vipimo vya miaka ya 1990 vilikuta aina yake ya B imepungua kwa takriban asilimia 40 kwenye ubongo wa wavutaji. Kimeng'enya hicho ndicho kinachovunjavunja dopamini, kemikali ya raha ubongoni, kwa hiyo kikipungua raha ya kila mvuto hudumu zaidi. Kwa haki ni lazima kusema kwamba moshi wa tumbaku isiyotiwa chochote nao huzuia MAO. Nyongeza hukaza fundo. Fundo lenyewe hufungwa na nikotini na mapafu.

*Arosto.* Huanza saa chache baada ya sigara ya mwisho, hupanda kilele siku ya 2 au ya 3, na hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Dalili zake ni hasira za karibu, kukosa usingizi, njaa, mawazo kutotulia, huzuni. Siku ya 3 ndiyo inayowarudisha wengi, kwa kuwa hudhani hali hiyo itabaki hivyo milele, kumbe iko kileleni na inakaribia kushuka.

*Madhara mengine.* Saratani ya mapafu, moyo, kiharusi, mapafu kuziba; haya yanajulikana na hatuyarefushi.

*Inamfaa nani.* Kwa upande wa afya, hakuna. Kwa anayevuta tayari zina jambo moja la kumsaidia: kipimo chake kinajulikana, na dawa zote za kuacha zimepimwa kwa watumiaji wake.

Sigara zenye jina la wenyeji

Sehemu hii ni fupi kwa sababu jibu ni fupi. *Nikotini, kasi, marudio na arosto* ni vya sigara ya kawaida, maana ndani yake mna tabacum ile ile, karatasi ile ile, na hushuka mapafuni vile vile. Mahali inapotengenezwa hapabadilishi kemia.

*Kilichoongezwa* ndicho kinachotangazwa kuwa tofauti. Natural American Spirit ilianzishwa Santa Fe mwaka 1982 na si ya taifa lolote la wenyeji. Mwaka 2002 ilinunuliwa na kampuni kubwa ya sigara ya R.J. Reynolds. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliipelekea kampuni hiyo barua ya onyo kuhusu maneno ya kwamba ni ya asili na haina nyongeza, kwa kuwa yanamfanya mnunuzi aamini ina hatari ndogo. Mwaka 2017 kampuni ilikubali kuyaondoa, isipokuwa neno hilo kubaki ndani ya jina la chapa. Sigara isiyo na nyongeza bado ina nikotini kamili, lami kamili na kaboni monoksidi kamili.

Sigara za mifuko ya 200 zina tatizo lingine. Bei yake ni ya chini na mara nyingi mfuko hauna onyo wala hesabu ya 20 ya kumkumbusha mtu amefika wapi. Aliyekuwa akivuta 15 hujikuta kwenye 25 bila kuamua. *Zinamfaa* anayeunga mkono biashara ya jamii yake na anajua anachonunua. Hazimfai anayenunua akidhani ameondokana na uraibu.

Kinikiniki isiyo na tumbaku

*Nikotini* hamna, na bila nikotini *kasi* na *marudio* havina cha kubeba. *Arosto* ya kimwili haipo. Kinachobaki ni mazoea ya mkono na mdomo, ambayo kwa mvutaji wa zamani si kitu kidogo: harufu ya moshi peke yake inaweza kumwamshia kiu. *Kilichoongezwa* ndicho cha kuchunguza. Muulize aliyetengeneza kama mna tumbaku, maana kipunje cha rustica kinatosha kubadilisha jibu. *Madhara* ni ya moshi: usiuvute mapafuni kwa kudhani mimea ya porini haidhuru. *Inamfaa* anayetaka kushiriki kiko bila kugusa nikotini.

Jinsi sigara ilivyoingia kwenye ibada

Jambo hili lafaa kujulikana kabla ya kuchagua, kwa sababu linaeleza mkanganyiko wa leo. Mwaka 1883 serikali ya Marekani iliweka kanuni zilizokataza ibada za wenyeji, na uhuru wao wa dini ulilindwa kwa sheria mwaka 1978 tu. Katika miaka hiyo ya katikati, mashamba ya tumbaku takatifu yalipungua na mbegu za baadhi ya aina zikawa adimu. Sala hazikukoma, ila kilichopatikana dukani kilikuwa sigara. Pakiti ikashika nafasi ya kipunje, na mzee akaletewa sigara akiombwa ushauri. Leo wenyeji wa Amerika ni miongoni mwa makundi yenye uvutaji mkubwa kuliko yote nchini Marekani. Ni jeraha la historia, na yeyote anayewaambia kwamba utamaduni wao ndio chanzo amelipindua.

Ndiyo maana kilimo kimerudi. Anayepanda rustica kwa ibada ajue haya: mbegu ni ndogo kama vumbi na huhitaji mwanga, kwa hiyo hunyunyizwa juu ya udongo bila kufukiwa. Huanzishwa ndani wiki 6 hadi 8 kabla ya baridi ya mwisho ya msimu, kisha miche huhamishiwa nje kwa nafasi ya sentimita 30 hadi 45. Majani hutundikwa kivulini penye hewa kwa wiki 3 hadi 6. Yakikaushwa kwa jua kali au joto la haraka hubaki kijani na makali. Yakirundikwa yakiwa na unyevu huota ukungu, na yenye ukungu hutupwa. Mmea mmoja hutosha ibada za mtu kwa muda mrefu. Bustani inayotoa kilo kadhaa kwa mtu mmoja inaashiria matumizi ya aina nyingine.

Jipime kabla ya kuchagua

Maswali mawili hutosha kuonyesha umefungwa kiasi gani. Yanafaa kwa sigara yoyote, na pia kwa kiko cha rustica kama unakivuta mapafuni.

Baada ya kuamka unavuta lini? Ndani ya dakika 5, jipe alama 3. Dakika 6 hadi 30, alama 2. Dakika 31 hadi 60, alama 1. Baada ya saa moja, 0. Kwa siku unavuta ngapi? Hadi 10, alama 0. 11 hadi 20, alama 1. 21 hadi 30, alama 2. 31 na kuendelea, alama 3. Jumla ya 0 hadi 2 ni uraibu mdogo, 3 hadi 4 wa kati, 5 hadi 6 mzito. Ibada isiyovutwa mapafuni haihesabiwi.

Ufanyeje, kulingana na hali yako

*Unavuta sigara na unataka kuhamia rustica ili uache.* Usifanye hivyo. Mwili wako umezoea kuvuta ndani, na utavuta rustica vivyo hivyo. Siku za kwanza itakutapisha, baadaye utaizoea, na utakuwa umepandisha kiwango chako cha nikotini. Tumia njia zilizopimwa. Plasta ya nikotini kwa anayevuta zaidi ya sigara 10 ni miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Anayevuta 10 au pungufu huanza na 14 kwa wiki 6, kisha 7 kwa wiki 2. Kwa kiu ya ghafla ongeza chingamu ya nikotini: miligramu 4 kama sigara ya kwanza huja ndani ya dakika 30 baada ya kuamka, miligramu 2 kama huja baadaye. Itafune polepole hadi uhisi mwasho, kisha ibane kati ya fizi na shavu mpaka mwasho uishe, urudie. Wengi huishindwa kwa kuitafuna mfululizo kama peremende. Mate yenye nikotini huenda tumboni, huleta kwikwi na kichefuchefu, na kiu hubaki palepale. Mwenye ujauzito, maradhi ya moyo au dawa nyingine azungumze na mhudumu wa afya kwanza.

*Wewe ni mwenyeji, unavuta sigara, na unataka kurudi kwenye tumbaku ya ibada.* Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja vizuri. Acha ya biashara kwa plasta na ushauri, na ushike ya ibada kwa kuitoa, bila kuivuta, katika wiki 4 za kwanza ambapo arosto ni kali. Marekani kuna huduma ya simu ya kuacha iliyotengenezwa kwa ajili ya wenyeji, ambapo mshauri anaijua tofauti hiyo na hatakuambia uache ibada. Sema unaitaka hiyo ya wenyeji utakapopiga simu ya kuacha ya jimbo lako.

*Umeshaacha, na umealikwa kwenye kiko.* Mwambie mwenye kiko mapema, faraghani. Katika mikusanyiko mingi unaweza kukipokea, ukakigusisha begani, ukampa aliye pembeni yako, na heshima imetimia. Ukichagua kuvuta, moshi uishie mdomoni. Kama hujafikisha miezi 3 tangu uache, kukigusisha ndiyo njia tunayoipendelea, kwa kuwa mvuto mmoja wa mapafuni huweza kufungua mlango wote.

*Unataka kumpa mzee tumbaku lakini rustica huipati.* Muulize yeye au familia yake anapokea nini. Wengine hupokea majani ya kusokota ya dukani, wengine hupendelea gome la mwilo mwekundu ulilovuna mwenyewe kuliko sigara. Usimpelekee pakiti bila kuuliza. Huenda naye anajitahidi kuacha.

*Wewe ni mzazi, na kijana anasema ya asili haina madhara.* Mwambie ukweli wote: jani hilo ni kali kuliko la sigara, na wazee waliolilima waliwazuia vijana wao wasilivute. Utafiti wa watafiti wa London uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta zaidi ya theluthi mbili ya waliojaribu sigara hata moja walifika kuvuta kila siku, angalau kwa kipindi fulani. Kama jamii yenu ina ibada, mfundishe kutoa kipunje na kusali nacho, kuvuta kusubiri.

*Huna uhusiano na jamii hizo, unavutiwa tu na mmea.* Upande bustanini kwa maua yake, vaa glavu, na usiuwashe. Anayewasha rustica peke yake nyumbani kila jioni anavuta tumbaku kali bila kinga yoyote iliyokuwa ikiizunguka, na mazoea yakiongezeka huenda akajikuta kwenye alama 3 au 4 za hapo juu kabla hajashtuka.